Kona za Wundanyi, Kutoka Kiti cha Nyuma

Utange, Kisauni
12 Januari 2025

Kwa Somo wangu mpendwa,

Leo ni Jumapili, tarehe kumi na mbili, nami nimekaa na kalamu mpya nikiwa nimeapa kwamba sitaficha kitu. Ulipokuwa ukifunga masanduku ya pikipiki yako siku ile ya kuondoka uliniambia, "Somo, mimi nimepanda milima miaka yote hii na sijawahi kukaa kiti cha nyuma. Niandikie kunavyoonekana. Andika yote, hata yale ya kuniaibisha." Basi nitaandika yote.

Lakini kwanza shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima huko Iten na baridi yake. Sisi hapa tu wazima. Baba yuko zamu ya usiku kiwandani Changamwe, kwa hiyo mchana analala na sisi tunanyata kama wezi. Hawe, mama yako, anakusalimu. Anasema binti yake akija tena aje na basi, kwa sababu lile dude lilitisha kuku wake na mmoja hajataga tangu Krismasi. Mama anashona sare kutwa, maana shule zimefunguliwa na kila mzazi wa Utange amegundua kwamba mtoto wake amerefuka. Nimemuuliza kama ana salamu zake kwako. Akasema, "Mwambie wifi yangu nimesema salama." Hiyo tu.

Barua zako zitume kwa sanduku la posta la shule. Mwalimu Mwanarehema, anayetufundisha Kiswahili, aliona Selpher anamwandikia Selpher akaniuliza kama najiandikia mwenyewe. Nikamweleza kwamba wewe ni shangazi yangu, dada ya baba, na mimi nilipewa jina lako, ndiyo maana tunaitana somo. Akasema basi niandike vizuri, nisiliaibishe jina.

Sasa safari. Naanzia uani kwetu. Mama aliposema niende na wewe nilidhani sikusikia sawasawa, kwa sababu hata boda ya kwenda sokoni huwa ananiuliza dereva ni nani. Unakumbuka alitoka ndani na leso, akaikunja, akaizungusha kiunoni mwako juu ya jaketi na kufunga fundo mbele, akalivuta mpaka ukasema, "Wifi, niachie pumzi." Akachukua mikono yangu akaishikisha leso, huku na huku. "Shika hapa. Usimshike mabega, utamchosha." Kisha akaingia ndani kabla hujawasha injini. Hakutuangalia tukiondoka.

Mpaka Voi, nisamehe, sikuona ajabu. Barabara imenyooka kama rula na malori yanapita yakitupiga upepo wa moto. Ndovu wekundu wa Tsavo niliwaona, lakini wakati huo nilikuwa nafikiria makalio yangu zaidi kuliko ndovu.

Mambo yalianza tulipoiacha Mwatate. Kilima kikubwa nilichowahi kupanda maishani ni Nguu Tatu, na pale mtu hupanda akila muwa. Milima ya Taita ilisimama mbele yetu na sikuona mahali ambapo barabara ingeweza kupita. Halafu ikaja ile kona ya kwanza, na hapa nitasema kosa langu vizuri kwa sababu wakati ule nilinyamaza kwa aibu.

Huku kwetu msichana akipanda boda hukaa upande, magoti pamoja, na pikipiki ikilala yeye hujivuta upande wa pili asianguke. Hawe ndiye aliyenifundisha. Siku ile nilikuwa nimepanua miguu kwa sababu ulinilazimisha, lakini kiwiliwili changu kilikuwa bado kimekaa kiutange. Wewe ukalala kushoto, mimi nikajivuta kulia kwa nguvu zangu zote. Pikipiki ikakataa kupinda. Ikaenda upande wa pili wa barabara, na lori la kabeji lilikuwa linashuka. Niliona meno ya dereva. Ukaturudisha, sijui vipi, ukaenda polepole mpaka penye nafasi ukasimama, ukavua helmeti.

"Somo, umebeba nini huko nyuma?"

"Sijabeba kitu, shangazi."

"Mbona napigana na gunia la nazi?"

Ukaniinua kidevu juu kwa kidole kimoja. "Sikiza. Mimi nikiinama kushoto, wewe chungulia tu juu ya bega langu la kushoto. Nikienda kulia, chungulia la kulia. Angalia kule tunakotaka kwenda. Usiangalie lori, usiangalie bonde. Macho yakienda, mwili utafuata wenyewe."

Kona ya pili nikachungulia. Somo, sijui niandikeje. Barabara ilikuja karibu na goti langu, nikaona kokoto na nyufa na mstari mweupe unapita chini yetu kama uzi unaovutwa kwenye cherehani ya mama, na mimi sikuwa naanguka. Tumbo lilibaki nyuma kidogo kisha likatufikia. Ukafungua mafuta, pikipiki ikasimama wima, na kabla sijamaliza kushangaa ikaja kona nyingine ya upande wa pili. Kwa mbele nilikuwa naona helmeti yako na mwanya mdogo wa shingo, lakini pembeni kulikuwa na bonde lote, mabati ya nyumba chini kabisa, na mkonge wa Mwatate umepangwa kama mistari ya daftari. Halafu tukaingia kwenye ukungu. Masikio yakaziba, yakafunguka. Nilisikia baridi mikononi kwa mara ya kwanza maishani, baridi ya kweli, si ya friji.

Nililia ndani ya helmeti. Hukujua, na sasa unajua. Hakikuwa kilio cha huzuni.

Na la kukuaibisha ni hili: unaimba. Barabara ikianza kupanda unaimba wimbo wa kanisani, ubeti mmoja huo huo, na huufikishi mwisho kwa sababu kona nyingine huwa imefika.

Asante, Somo. Nimeshasema asante pale Wundanyi tulipokunywa chai, lakini mdomo wangu ulikuwa unatetemeka kwa baridi na sidhani ulisikia. Asante kwa kunichukua, na asante kwa kutopiga kelele kwenye kona ya kwanza. Ulisema Aprili shule zikifungwa utakuja tena. Nahesabu.

Somo wako mdogo,
Selpher Munga


Iten
9 Februari 2025

Somo mdogo,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama pale pale posta, mpaka mzee mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimeambiwa naimba.

Kwa nini hakuna aliyewahi kuniambia? Niliacha chaki na ramani za shule miaka kumi iliyopita nikaanza kuwaongoza wageni wa pikipiki kwenye milima hii, na wote hao wamekuwa wakinifuata wakidhani mbele kuna kimya. Tangu barua yako ifike nimekuwa nikijisikiliza. Ni kweli. Ninaimba kama mbuzi.

Mimi ni mzima. Wiki jana nilikuwa na wageni wanne kutoka Nairobi, pikipiki zao kubwa kuliko yangu, mabuti yao makubwa kuliko akili. Niliwateremsha kutoka Iten hadi Tambach, kona kwa kona, mpaka chini bonde la Kerio ambako joto linakupiga kama umefungua tanuri, kisha tukapanda upande wa pili kwenda Kabarnet. Hakuna aliyeanguka mlimani. Mmoja alianguka akiwa amesimama, kwenye kituo cha mafuta, mbele ya kina mama wauza ndizi. Walimpigia makofi.

Umeandika kuhusu kona vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Nikuongezee moja ambalo hulioni ukiwa nyuma: kazi yote ya kona hufanyika kabla ya kona. Unapunguza mwendo na kushusha gia barabara ikiwa bado imenyooka. Ukishaingia, umebaki na kuangalia tu na kuamini. Wanaoanguka ni wale wanaokumbuka breki katikati.

Leso ya mama yako nimefika nayo huku. Nilisahau kuifungua kiunoni siku ile ninaondoka Utange, nikagundua nikiwa Mtito watu wakinicheka hotelini. Mwambie nitairudisha.

Msalimu Munga, mwambie dada yake anasema alale vizuri. Mwambie mama yangu kuku asiyetaga ni wa mchuzi. Na mama yako msalimu kwa namna yoyote utakayoona inafaa.

Somo mkubwa


Utange
2 Machi 2025

Somo wangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika Jumanne na Mwalimu Mwanarehema akanikabidhi mbele ya darasa, akisema, "Haya, Selpher kajijibu." Nyumbani sote wazima. Kuku ameliwa. Joto la Machi limeanza na hata mbwa hawabweki tena, wanatazama tu.

Nina habari mbili. Ya kwanza ni ya shule. Mwalimu Odhiambo wa fizikia alikuwa anatufundisha juu ya mwendo wa duara na hakuna aliyeelewa. Nikanyanyua mkono, mimi ambaye huwa sinyanyui, nikaeleza habari ya gunia la nazi. Darasa likacheka, lakini yeye hakucheka. Akaniita ubaoni nichore ile kona. Akaniuliza kama niliona barabara yenyewe imeinamishwa kwa ndani, nikasema ndiyo, niliona. Akasema kuna mtu alikaa akapiga hesabu ya mwinamo ule kabla barabara haijajengwa, ili watu asiowajua wapite salama. Sijawahi kufikiria kwamba kona ina mwenyewe. Tangu siku hiyo nataka kuwa mtu huyo. Sijamwambia mtu ila wewe.

Ya pili ni swali. Nilimwambia mama kwamba unaimba ukipanda mlima. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, hakuinua macho. Akasema, "Ubeti wa pili tu. Wa kwanza haujui." Nikamwambia umebaki na leso yake. Akasema, "Si ya kwanza." Halafu nikakumbuka vile alivyokufunga leso ile uani, na mikono yake haikubabaika hata kidogo. Nikamuuliza, "Mama, uliyajulia wapi haya?" Akasema, "Nipishe, uzi umekatika." Uzi haukuwa umekatika, niliuona.

Nimemuuliza baba. Amesema, "Mwanangu, mimi nalala."

Basi nakuuliza wewe. Na Aprili, utakuja tarehe gani? Tunafunga shule mwanzoni mwa mwezi. Nimeanza kufanya mazoezi ya kuchungulia bega nikiwa kwenye boda. Dereva wetu Dancun ananiuliza kama nina jipu.

Somo wako mdogo


Iten
4 Mei 2025

Somo,

Marahaba. Nisamehe kwa kukaa kimya na kwa Aprili. Mvua imekuwa nyingi huku na kazi zimenishika. Pikipiki iko ndani, nimeifunika turubai.

Nimefurahi kuhusu Mwalimu Odhiambo na ile kona. Shikilia hapo hapo.

Swali lako la mama yako muulize yeye. Agosti pia usinitazamie sana.

Wasalimu wote.

Selpher


Utange
18 Mei 2025

Somo wangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Hawe alikuwa na homa lakini imepungua na ameanza kugombana na watu, kwa hiyo tunashukuru. Shule zimefunguliwa.

Nimeapa kutoficha kitu, basi niseme nilichoona. Mwandiko wako siku zote umenyooka kama wa ubaoni. Safari hii mistari ilikuwa inapanda na kushuka, na umeandika jina lako mwishoni mahali ambapo huwa unaandika Somo. Nilifikiri uliandika juu ya goti, au umenikasirikia kwa swali langu. Nikaiacha bahasha mezani karibu na cherehani.

Mama aliichukua. Cherehani ikanyamaza. Akaiangalia anwani muda mrefu, akaigeuza, akaiangalia tena, akasema peke yake, "Huyu ameandika kwa mkono wa kushoto."

Juzi ameondoka. Amesema anakwenda Machakos kumwona dada yake. Alibeba lile koti la sufu ambalo halijavaliwa tangu nizaliwe, na dawa ya kuchua, na jioni nilimsikia akimuuliza baba kama basi la Eldoret huondoka asubuhi au usiku. Baba akamjibu kwa sauti ya chini, halafu akampa pesa zake za chakula cha kazini.

Mimi sijui jiografia kama wewe, lakini naona njia hiyo ya Machakos ni ndefu.

Sitauliza mengi. Ikiwa kuna mgeni atakayefika hapo kwako akiwa amechoka, tafadhali mwambie cherehani nimeifunika na sare za watoto wa Bi. Ngowa nimezimalizia vifungo mwenyewe. Mwambie Hawe anakula. Na wewe, Somo, mkono wowote utakaotumia kuniandikia, mimi nitashukuru.

Tangu Desemba nikiwa na hofu ya jambo, huwa natafuta bega la kuchungulia. Nilitaka ujue.

Somo wako mdogo


Iten
8 Juni 2025

Somo mdogo,

Mwandiko huu unaujua, kwa hiyo sitakuwa na kazi ya kueleza. Mimi nasema, mama yako anaandika. Ameahidi kuandika kila neno kama lilivyo. (Nimeahidi kuandika yale yenye adabu. Mama.)

Marahaba. Mgeni wako alifika akiwa amechoka na amevaa koti linalonuka dawa ya nondo. Alisimama mlangoni akaniangalia nilivyofungwa bega, akasema, "Wifi, una unga wa uji humu ndani au unaishi kwa kiburi?" Hakuna salamu nyingine niliyopewa. (Hakustahili nyingine.)

Nilianguka, Somo. Ilikuwa mwanzo wa Aprili, siku chache kabla ya kushuka kuja kwenu. Mvua ilikuwa imeteremsha udongo barabarani, kwenye kona moja chini ya Tambach. Sikuwa na kasi. Niliuona ule udongo nikautazama. Nilipaswa kutazama mahali pakavu nilipotaka kwenda, lakini nilitazama udongo, na pikipiki ikaenda pale pale macho yalipokwenda. Mtulinga umevunjika, na mkono wa kulia kwenye kifundo. Pikipiki imekwaruzika tu. Sikukuambia kwa sababu barua yako ya kona ya Mwalimu Odhiambo ilikuwa imewekwa mezani na sikutaka kuweka jambo hili karibu nayo.

Sasa swali lako. Mama yako amesema anayetaka jibu hilo atalisikia kwangu kwa sababu yeye hajui kueleza. (Sikusema hivyo. Nilisema sina muda.)

Kabla hujazaliwa mimi nilifundisha Voi, na karibu na shule kulikuwa na fundi cherehani kijana kutoka Machakos aliyeitwa Nduku, mwenye kibanda kidogo na mdomo mkubwa. Nilikuwa na pikipiki yangu ya kwanza, ndogo, yenye kuvuja mafuta. Kila Jumamosi tulipanda Wundanyi kununua mboga. Mboga zilikuwa kisingizio, maana sokoni Voi zilikuwepo. Ni yeye aliyebuni kufunga leso kiunoni mwangu, kwa sababu alisema mabega yangu ni kama ya mbuzi, hayashikiki. Nilichokufundisha wewe kuhusu kuchungulia bega sikukibuni mimi. Ni yeye aliyekigundua, akakaa nyuma mpaka nikawa dereva mzuri. Baadaye nilimleta Utange kumwonyesha bahari, kaka yangu Munga akamwona, na ndivyo nilivyopoteza abiria nikapata wifi.

Mara ya mwisho tulipopanda, alitapika mara mbili kabla ya kufika juu. Tukalaumu kona. Tukalaumu samaki wa jana. Kumbe ulikuwa wewe.

Kwa hiyo ile safari ya Desemba haikuwa mara yako ya kwanza kwenye barabara ile, Somo. Nilitaka kukuambia pale Wundanyi tukinywa chai, lakini halikuwa langu kusema.

(Hapa naandika mimi mwenyewe, mama yako. Shangazi yako amekwenda kuchungulia uji. Ulipozaliwa nilimwomba aache pikipiki. Nilisema ni kwa sababu naogopa atakufa, na hilo lilikuwa kweli nusu. Hakuacha. Alihamia huku kwenye milima mikubwa zaidi, nami nikakasirika, nikawa natuma salamu za neno moja. Nilikasirika kwa sababu nilitaka kwenda naye, na sikuwa na namna ya kusema hivyo nikiwa na mtoto mgongoni. Sijutii mtoto. Uelewe hilo vizuri. Ulipotoka Desemba nyuma yake niliingia ndani kwa sababu sikutaka mwone uso wangu. Nilikuwa na wivu juu yako, binti yangu, na furaha pia, vyote pamoja.)

Nimerudi. Uji haukuungua. Ameandika nini hapo na amefunika kwa mkono? Haya.

La mwisho nasema mimi. Mfupa umeunga. Daktari anasema Agosti naweza kupanda tena, polepole. Lakini mvua ikipiga bati usiku mkono wangu unajikunja wenyewe, kama umeshika breki. Hilo daktari hana picha yake. Kuna bwana wa Eldoret anataka kuinunua pikipiki, amekuja mara mbili, na mimi kila mara namwambia arudi. Sijui namngoja nini.

Mama yako anarudi wiki ijayo. Anakuja na jaketi langu, limepasuka begani, anasema huku hakuna cherehani ya maana. Na leso yake.

Somo mkubwa (kwa mkono wa wifi yake)


Utange
13 Julai 2025

Somo wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai bega linaendelea vizuri na kwamba sasa unachota maji mwenyewe. Sisi tu wazima. Baba amepata zamu ya mchana, na amegundua kwamba usiku nyumba yetu ina mbu. Hawe alipoambiwa umeanguka alikwenda kukaa na kuku wake siku nzima. Siku ya pili akasema kuku wamezoea, unaweza kuja na lile dude.

Nimeisoma barua yenu mara nyingi. Ile sehemu iliyofunikwa kwa mkono niliisoma mama akiwa hayupo. Aliporudi kutoka sokoni nilimpokea kikapu, nikamwambia, "Mama, asante kwa kunipandisha Wundanyi." Akafikiri nasema juu ya Desemba. Halafu akaelewa. Akakaa kwenye kiti cha cherehani bila kushona, akacheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa cha sare ya mtu. "Ulinisumbua wewe," akasema. "Kona kumi na mbili za mwisho sikuona kitu ila ndoo." Hiyo ndiyo hadithi ya kwanza aliyonipa, na tangu jioni ile zimekuwa zikitoka moja moja, akiwa anatia uzi. Najua sasa kuhusu yule punda wa Mwatate aliyezila mboga zenu. Najua pia kwamba siku moja mlisukuma pikipiki kilomita nyingi mkiwa na kabeji mgongoni na nyinyi mkiimba, yeye ubeti wa kwanza, wewe wa pili.

Kwa hiyo nina mengi ya kukushukuru kuliko nilivyokuwa nayo Januari. Kwanza ulinipa mlima, na sasa umenipa mama ambaye sikuwa namjua.

Sitakuambia usiiuze pikipiki. Mwalimu Mwanarehema anasema barua isimwamrishe mkubwa. Mimi sijaanguka, sijui mkono unaojikunja unakuwaje, na ningedanganya nikisema hofu itaisha. Nitakueleza tu nilichokiona kutoka nyuma, kwa sababu uliniomba nikuandikie kunavyoonekana. Ulipoturudisha kutoka kwa lile lori la kabeji, mikono yako ilitetemeka. Niliihisi kwenye leso. Ulisimama, ukanitania habari ya gunia, ukanifundisha, ukavaa helmeti, na mikono ilikuwa bado inatetemeka ulipowasha. Tukapanda hivyo hivyo. Kwenye kona ya tatu au ya nne ndipo ukaanza kuimba. Nilidhani dereva mzuri ni yule asiyeogopa. Wewe uliogopa na ukachungulia bega.

Mwalimu Odhiambo ameniletea karatasi za mtihani wa zamani na nimepata swali la kona. Nimelipata lote.

Sasa jaketi. Mama amelishona begani kwa uzi wa viatu, mishono miwili juu ya miwili, na kwa ndani ametia kitambaa laini ili kisikuume pale kwenye mfupa. Alichukua siku tatu na akamwambia mteja wa harusi asubiri. Wiki jana alifua ile leso, akaianika, akaipiga pasi. Nilimuuliza ni ya nani. Akasema, "Ya atakayeifunga." Halafu akamuuliza baba, kana kwamba ni jambo dogo, basi la asubuhi la Voi linafika Mwatate saa ngapi. Baba akamjibu kwamba pikipiki ina viti viwili na nyinyi mko watatu. Mama akasema, "Tutapokezana. Anayebaki anakunywa chai."

Shule zinafungwa mwanzoni mwa Agosti. Mvua za huko sijui, lakini za Taita zitakuwa zimepungua. Jaketi na leso viko kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati, vimekunjwa, na posta iko njiani ninapokwenda shule. Naweza kuvituma kesho. Lakini kila asubuhi naupita mfuko ule, naugusa, nauacha.

Kwa hiyo nijibu kwa barua itakayofuata, Somo, hata kwa mkono wa kushoto, hata kwa neno moja: nivitume Iten, au nikungoje navyo Mwatate?

Somo wako mdogo,
Selpher Munga